Uzi: Muziki uliotungwa kushangilia ushindi wa vita. Mizinga ya Tchaikovsky, kesi ya Beethoven na wimbo wa Pasaka wenye damu ya Culloden

Kinanda Kikuukuu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikifika tarehe 4 Julai, Wamarekani hujazana ukingoni mwa mto Charles pale Boston. Okestra inapiga, mizinga inalia, fataki zinapasuka, bendera zinapepea. Kipande kinachowapandisha mori, ovacha ya "1812" (ovacha ni kipande kimoja cha okestra), kimetungwa na Mrusi, Tchaikovsky, kinasimulia Warusi walivyomtimua Mfaransa, na Marekani haimo hata kwa nukta. Desturi hiyo yenyewe si ya kale. Ilianza 1974, pale Arthur Fiedler, mwongozaji wa Boston Pops, alipoamua kuweka mizinga ya kweli na kengele za makanisa ili umati urudi. Wapo mpaka leo wanaoapa kwamba kipande hicho kinahusu vita vyao wenyewe na Waingereza, vilivyoanza mwaka huohuo wa 1812.

Nina hoja moja tu kwenye uzi huu, mnipinge mkiweza: muziki wa ushindi ulioagizwa na wakubwa unadumu pale tu vita vyenyewe vinaposahaulika. Msikilizaji akishakumbuka nani alimchinja nani, sikio linagoma.

Tuanze na hiyo 1812.

Napoleon alivuka mto Niemen Juni 1812 na jeshi la watu zaidi ya 400,000. Tarehe 7 Septemba akakabiliana na Kutuzov, mkuu wa jeshi la Urusi, pale Borodino, magharibi ya Moscow. Siku moja tu, waliouawa na kujeruhiwa wa pande zote wakafika kama 70,000. Utasoma mahali pengi kwamba ovacha ya Tchaikovsky inaadhimisha "ushindi wa Borodino". Ushindi upi? Baada ya pambano Warusi ndio waliorudi nyuma, na tarehe 14 Napoleon akaingia Moscow bila kuzuiwa. Kilichommaliza ni mji uliowaka moto mikononi mwake, chakula kilichokatika, Tsar (mfalme wa Urusi) aliyekataa kujibu maombi ya amani, halafu njia ndefu ya kurudi kwenye baridi huku Kutuzov akimng'ata visigino. Alitoka Moscow 19 Oktoba. Waliovuka tena mpaka mwezi Desemba walikuwa masalia ya jeshi.

Tsar Alexander I akaweka nadhiri ya kujenga kanisa kuu la kumshukuru Mungu, Kanisa la Kristo Mwokozi. Lilijengwa kwa miongo, likazinduliwa 1883. (Stalin akalibomoa 1931, mahali pake likaja bwawa la kuogelea, na hili mnaloliona leo kwenye picha ni jipya.)

Mwaka 1880, Nikolai Rubinstein, mkuu wa konsavatori (chuo cha muziki) ya Moscow, akamwomba Tchaikovsky atunge kitu cha maonyesho makubwa ya viwanda na sanaa. Tchaikovsky hakupenda kazi ya namna hiyo. Alikimaliza kwa wiki kama sita, kisha akamwandikia mfadhili wake, Nadezhda von Meck, kwamba kitakuwa na kelele nyingi na kwamba amekiandika bila upendo, hivyo pengine hakina thamani ya kisanaa. Majira yaleyale alikuwa ameandika Serenade ya vyombo vya nyuzi, na hiyo alikiri kwamba imetoka moyoni. Tazameni namba za kazi zake: Serenade ni 48, 1812 ni 49. Mapacha, mmoja wa mapenzi na mmoja wa mkataba.

Machi 1881 Tsar Alexander II akauawa kwa bomu. Mwezi huohuo Rubinstein akafariki Paris. Maonyesho yakasogezwa mbele, na kipande kikasikika kwa mara ya kwanza Moscow tarehe 20 Agosti 1882, Ippolit Altani akiongoza.

Sasa muziki wenyewe. Selo nne na viola mbili (ndugu wakubwa wa fidla) zinaanza peke yake, polepole, zikipiga sala ya Kiorthodoksi inayomwomba Mungu awaokoe watu wake. Kwangu mimi, hapo ndipo penye thamani yote ya kipande. Baadaye Marseillaise, wimbo wa Wafaransa, inaanza kunyemelea, inapanda, inabanwa na wimbo wa kijijini wa Kirusi, inapanda tena. Mizinga inapiga mara 5, Wafaransa wanaporomoka kwa ngazi ndefu ya nyuzi inayoshuka kama maji ya gharika, sala inarudi kwa sauti ya okestra nzima na kengele, halafu mizinga mingine 11 juu ya wimbo wa "Mungu Mlinde Tsar".

Tatizo: Marseillaise ilitungwa 1792 na Rouget de Lisle, lakini Napoleon hakuutaka kama wimbo wa dola yake. Ulikuja kurudishwa kuwa wimbo wa taifa 1879. "Mungu Mlinde Tsar" uliandikwa na Alexei Lvov mwaka 1833, wapiganaji wengi wa Borodino wakiwa wamekwishazikwa. Kwa hiyo Tchaikovsky aliwavika askari wa 1812 sare za 1880. Wasovieti nao walipokuja hawakutaka kusikia habari za Tsar, wakaukata wimbo wake na kuchomeka kiitikio kutoka opera ya mtunzi Mrusi Glinka. Kila anayeshika madaraka anaufanyia ushindi huo ukarabati wake.

Natia nanga kidogo. Nikirudi ni Beethoven.

Mzee wa Selo

Kiti cha mbele nimeshachukua. Mkuu, ule mwanzo wa selo nne umeusema vizuri. Mpigaji anayeudharau kwa kungojea mizinga hafai kupewa upinde.

Fundi Spika

Niongeze la upande wangu. Rekodi ya Antal Doráti na okestra ya Minneapolis ya 1954 ilitumia mzinga wa shaba wa karne ya 18 kutoka West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani. Mzinga ulirekodiwa kando, ukaunganishwa na okestra baadaye. Ikauzika kwa wingi mno. Halafu 1979 wakaja kampuni ya Telarc na mwongozaji Erich Kunzel, okestra ya Cincinnati, enzi ya kurekodi kidijitali ikianza. Mizinga ile ilichimba mifereji mikubwa kwenye santuri kiasi kwamba sindano nyingi zilikuwa zinaruka. Ilibidi waweke onyo kwa wateja kuhusu spika. Watu wakawa wanainunua kupima mitambo, si kusikiliza Napoleon. Kwa hiyo hoja ya mleta mada naiunga mkono kutoka gereji: vita vilishasahaulika, imebaki besi.

Mtoto wa Shela

Mabwana, mnapiga hesabu ya 1812 ya Urusi, na sisi Lamu miaka hiyohiyo tulikuwa na vita vyetu vya Shela. Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate walikuja na majahazi wakidhani wanakwenda kula mji. Walipigwa ufukweni, maji yakawa yametoka, majahazi yamekwama mchangani, pa kukimbilia hapana. Hatukuwa na mizinga ya kuweka kwenye fidla. Ushindi wetu ulikaa kwenye mashairi, na upande wa Mombasa Muyaka bin Haji alikuwa akijibu kwa yake. Baada ya hapo wazee wakaona wasije wakarudiwa, wakamwita Sayyid Said wa Omani awape ulinzi. Huo nao ni ushindi uliokuja na bili.

Kinanda Kikuukuu

Mtoto wa Shela, fungua uzi wake nitakuja kukaa mkekani. Mashairi hayo yana faida moja ambayo okestra haina: aliyeshindwa naye ana kalamu, anajibu. Kwenye 1812 Mfaransa hajibu, anaporomoshwa tu.

Haya, Beethoven.

Tarehe 21 Juni 1813 Wellington, jenerali wa Uingereza, aliwavunja Wafaransa pale Vitoria, kaskazini mwa Hispania. Vienna ilipopata habari ilifurahi, kwa sababu Napoleon alikuwa ameshauteka mji ule mara mbili. Kulikuwa na fundi mmoja wa mitambo, Johann Nepomuk Mälzel, yuleyule aliyemtengenezea Beethoven vibomba vya kusaidia masikio, na ambaye baadaye alijisajilia hataza ya metronomu. Alikuwa na mashine kubwa inayopiga vyombo vya okestra kwa upepo na mapipa yenye pini. Akamwambia Beethoven: nitungie ushindi wa Wellington, mashine iupige, tukauonyeshe London tule hela. Soko lilikuwa Uingereza, ndiyo maana nyimbo zilizomo ni zao. Baadaye wakaona bora kiandikwe kwa okestra ya watu.

Mpangilio wake ni wa sinema kabla ya sinema. Upande mmoja Waingereza, ngoma na tarumbeta, halafu "Rule, Britannia". Upande wa pili Wafaransa, wakija na "Malbrough s'en va-t-en guerre", tuni ambayo wengi wenu mnaijua kwa maneno mengine kabisa kwenye sherehe za kizungu. Kisha vita: mizinga kulia, mizinga kushoto, vikerezo vya mbao vikiiga bunduki, na Beethoven ameandika kwenye noti kila mlio upige wapi na ni wa jeshi gani. Mwisho wa pambano ile tuni ya Wafaransa inarudi ikichechemea, kwa sauti ya huzuni, inakatikakatika. Baadaye sherehe, na "God Save the King" ikizungushwa mpaka basi.

Kilipigwa 8 Desemba 1813 kwenye ukumbi wa Chuo Kikuu cha Vienna, kwenye tamasha la kuchangia askari waliojeruhiwa vita vya Hanau. Orodha ya wapigaji ni kichekesho, wanamuziki wenye majina wamegeuzwa wapiga kelele: Salieri akisimamia mizinga, Hummel na kijana Meyerbeer kwenye ngoma kubwa, Spohr kwenye fidla, na Beethoven mwenyewe akiongoza ilhali masikio yamekwisha. Alilalamika kwamba Meyerbeer alikuwa anachelewa kupiga, hana ujasiri.

Watu wakapagawa. Ilibidi tamasha lirudiwe siku chache baadaye. Na jioni ileile ya 8 Desemba, kwenye programu ileile, ndipo Simfoni yake ya 7 iliposikika kwa mara ya kwanza. Fikirini. Moja ya simfoni kuu kuliko zote ilizaliwa siku moja na vikerezo vya mbao.

Fedha zikaleta ugomvi. Mälzel aliona kazi ni yake kwa sababu wazo lake, akaenda kuipiga Munich, Beethoven akafungua kesi. Nakala nyingine ilipelekwa kwa mtawala wa Uingereza, George aliyekuwa akishika nafasi ya baba yake mgonjwa. Hata asante haikurudi, na Beethoven aliliweka moyoni jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1825 mhakiki Gottfried Weber alipokiponda kipande hicho gazetini, Beethoven aliandika pembeni ya ukurasa kwamba kinyesi chake ni bora kuliko chochote ambacho mtu yule angeweza kukiwaza. Alijua kabisa alichoandika ni cha namna gani, ila kuambiwa na mwingine hakukubali.

Besi ya Nne

Mkuu umenichekesha hapo kwa Salieri. Mimi ni mwanakwaya, hizi simfoni sizijui sana. Kwaya zetu zinamjua Handel kwa ile Haleluya, kila Krismasi na Pasaka tunaipiga kwa Kiswahili hadi teno zinakatika. Je, naye alikuwa kwenye biashara hii ya ushindi?

Kinanda Kikuukuu

Besi ya Nne, huyo ndiye alikuwa mwenye duka.

Juni 1743 Mfalme George II aliongoza jeshi mwenyewe pale Dettingen, Ujerumani, akawashinda Wafaransa. Ndiye mfalme wa mwisho wa Uingereza kuwaongoza askari vitani. Handel akaandika Te Deum, wimbo wa kanisa wa shukrani, ikapigwa Novemba mwaka huohuo kwenye kanisa la ikulu, mfalme akiwepo. Tarumbeta mwanzo mwisho.

Lakini habari kubwa ni ya 1746. Tarehe 16 Aprili, mtoto wa mfalme huyo, Duke wa Cumberland, alilisambaratisha jeshi la Waskoti waliomuunga mkono Charles Stuart, aliyedai kiti cha enzi kwa ukoo wake, kwenye uwanja wa Culloden. Haikuchukua hata saa moja. Waliokufa upande wa Charles wanakadiriwa kati ya 1,500 na 2,000, wengi wakikimbizwa na kumalizwa wakiwa chini. Vijiji vya milimani vikafuatwa, mifugo ikachukuliwa, hata mavazi yao ya kabila yakapigwa marufuku. Cumberland akapewa jina la Mchinjaji.

London ikamtaka Handel amsifu. Akaandika oratorio (hadithi inayoimbwa bila kuigizwa) *Judas Maccabaeus*, ikapigwa ukumbi wa Covent Garden Aprili 1747: shujaa wa Kiyahudi anawakomboa watu wake, na kila aliyekaa ukumbini anajua shujaa ni nani. Mwaka uliofuata, kwenye oratorio ya *Joshua*, Handel akatoa kiitikio kifupi cha kumpokea shujaa mshindi. Kikapendwa mno, naye kwa akili za biashara akakihamishia kwenye *Judas*, ambako kimebaki hadi leo. Beethoven akiwa kijana alikiandikia tofautisho 12 (tuni ileile ikigeuzwageuzwa) za selo na piano.

Sasa wewe mwanakwaya kaa chini. Mwaka 1884 mchungaji wa Uswisi, Edmond Budry, alichukua tuni hiyohiyo akaiwekea maneno ya Kifaransa: "À toi la gloire", wimbo wa Kristo mfufuka. Waingereza nao wanaimba kama "Thine Be the Glory". Wajerumani wanaiimba Majilio kwa "Tochter Zion".

Mtu wa Bukavu

Eeh! Huo wimbo kwetu Bukavu Pasaka haipite bila huo. Korali zote zinauimba, wababa na wamama wanasimama, na mazishi pia tunauimba sana. Mimi nimeuimba tangu utoto na sijasikia hata siku moja habari ya huyo Mchinjaji. Basi mfufuka ametwaa wimbo kwa muuaji, na mimi naona amefanya vizuri.

Besi ya Nne

Duh. Nitawaambia wenzangu mazoezini, ila baada ya Pasaka. Kabla ya hapo wataanza kubishana tu.

Hakimu wa Noti

Mleta mada, uzi ni mzuri lakini hoja yako ina tundu. Unasema tukikumbuka vita, sikio linagoma. Mbona Simfoni ya 7 ya Mrusi Shostakovich, ile ya Leningrad, mji uliozingirwa na Wajerumani Vita Kuu ya Pili? Kila anayeisikiliza anakumbuka vita, tena ndiyo sababu ya kuisikiliza. Ilipigwa 9 Agosti 1942 ndani ya mji uliozingirwa, Karl Eliasberg akiongoza wapigaji waliokonda kwa njaa, wengine wameazimwa kutoka vikosini, huku spika zikiirusha mpaka upande wa Wajerumani. Hapo kumbukumbu inaua muziki au inaupa uhai?

Kinanda Kikuukuu

Hakimu, umeleta shahidi wangu ukidhani ni wako. Agosti 1942 ushindi ulikuwa wapi? Mzingiro ulivunjwa kabisa Januari 1944. Ile ni simfoni ya watu waliokuwa bado wanakufa. Simfoni ya ushindi ni ile ya 9, ya 1945. Wakubwa walikuwa wanaisubiri: vita vimekwisha, namba ni 9 kama ile ya Beethoven, lazima ije na kwaya na radi ya kumsifu Stalin. Novemba 1945 mwongozaji Mravinsky akasimama Leningrad, ikapigwa, ikaisha kwa dakika kama 25. Nyepesi, ya utani, tromboni inajitutumua kama afande aliyekosea mlango. Stalin hakupewa radi yake. Mwaka 1948 Shostakovich alipokaangwa rasmi, hiyo ya 9 ilikuwa miongoni mwa zilizopigwa marufuku. Alijua kitu ambacho Tchaikovsky alikilalamikia kwa barua tu.

Hakimu wa Noti

Sawa, lakini misa ya Haydn je? Ile ya "Nelson". Ina jina la mshindi mpaka leo na bado ni kazi kubwa.

Kinanda Kikuukuu

Haydn aliiandika majira ya joto ya 1798 akaiita *Missa in angustiis*, misa ya wakati wa dhiki. Hakuna aliyemwagiza ushindi, kwa sababu ushindi haukuwepo. Nelson, amiri wa Uingereza, alizisambaratisha meli za Wafaransa pale Aboukir, Misri, mwanzoni mwa Agosti, wakati Haydn yumo ndani ya kazi, na habari zilichukua wiki kufika Austria. Jina likaja kugandishwa baadaye, hasa Nelson alipoitembelea Eisenstadt 1800. Sikiliza Kyrie yake (sehemu ya kwanza, ya "Bwana utuhurumie"), tarumbeta na timpani, ngoma za okestra, kwenye D ndogo, ufunguo wa sauti ya giza. Huyo ni mtu anayeogopa. Misa ya hofu ikapewa jina la ushindi, si kinyume chake.

Na kama unataka ushahidi wa siku hizi, Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, okestra ya Cardiff Philharmonic iliiondoa 1812 kwenye programu yake. Noti hazikubadilika hata moja. Mizinga ilikumbukwa kuwa mizinga.

Mzee wa Selo

Hapo Cardiff mimi nilikasirika wakati ule, na bado. Tchaikovsky alikufa 1893, ana kosa gani?

Kinanda Kikuukuu

Hana kosa. Lakini mwenye ndugu kwenye handaki hawezi kupigiwa mizinga ya Kirusi kwenye viti vya sherehe. Yote mawili ni kweli na sina dawa yake.

Kuna mfano wa taratibu zaidi: Radetzkymarsch ya Johann Strauss baba. Kila Mwaka Mpya Vienna, ukumbi mzima unapiga makofi, mwongozaji anageuka anawaongoza wasikilizaji, raha tupu. Ilitungwa Agosti 1848 kumshangilia Jenerali Radetzky wa Austria aliyewapiga Waitalia pale Custoza mwezi uliotangulia. Mtu wa Milano mwenye kumbukumbu ya shule hawezi kupiga makofi yale bila kujishtukia. Hata noti zenyewe zilibidi zibadilishwe: mpaka 2019 Vienna Philharmonic walitumia mpangilio wa Leopold Weninger, aliyekuwa mwanachama wa chama cha Nazi, na tamasha la 2020 wakaja na mpangilio wao mpya.

Fundi Spika

Makofi yale nami nilidhani ni ya kushangilia mwaka.

Mtoto wa Shela

Wewe na ukumbi mzima.

Mgeni Jukwaani

Wakuu nimesoma yote, asanteni. Mimi sijawahi kusikiliza muziki huu kwa makusudi. Nianzie wapi, na bando langu ni dogo?

Kinanda Kikuukuu

Anza na dakika za mwanzo za 1812, zile za selo, kwa sauti ya wastani. Ukifika kwenye mizinga amua mwenyewe. Halafu ruka hadi mwisho wa pambano kwenye kipande cha Wellington, usikie tu ile tuni ya Malbrough ikichechemea. Dakika mbili zinatosha, mengine ni kelele ya kulipiwa. Kyrie ya Haydn isikilize nzima. Simfoni ya 9 ya Shostakovich iweke ya mwisho, sehemu ya kwanza ni kama dakika tano.

Triumphlied (Wimbo wa Ushindi) ya Brahms, aliyoiandika baada ya Wajerumani kuwashinda Wafaransa 1871 na kumtunuku Kaiser, mfalme mkuu wa Ujerumani, usipoteze bando. Enzi zake ilijaza kumbi, leo ni nadra kuipata kwenye programu yoyote. Hakimu wa Noti akitaka kuitetea, namkaribisha.

Hakimu wa Noti

Kesho. Leo naisikiliza kwanza.